Malalamiko Juu ya Mgongo wa Namba Sitini na Saba

Bernadine Wolske,
Jukwaa la Mashariki, Safu ya Kwanza, Kiti Namba 11,
Port Kessler, Wisconsin.

Kwa Bwana Garrison Pruitt,
Meneja Mkuu, Klabu ya Wakata Barafu,
Port Kessler.

YAH: KUACHWA KWA MCHEZAJI WA AKIBA AMOS TILLERY, JEZI NAMBA 67, PAMOJA NA MGONGO WAKE

Ndugu Meneja Mkuu,

Salamu nyingi, na pole kwa msimu. Hali yako sikuulizi, kwa kuwa naisikia redioni kila asubuhi, na si nzuri.

Nakuandikia nikiwa mwajiri wako. Najua neno hilo linaweza kukushtua, basi kaa chini kwanza. Timu hii haina tajiri. Ni mali yetu sisi watu wa Port Kessler, na mimi nina hisa moja. Hisa hiyo haina gawio, haiuzwi, na katika miaka yote niliyokuwa nayo imenipa haki ya kuwapigia kura wajumbe wasio na wapinzani. Marehemu mume wangu Norbert aliitia fremu akaitundika juu ya mashine ya kufulia, maana ndipo palipokuwa na msumari. Lakini mwenye mali ni mwenye mali, hata mali yenyewe ikiwa karatasi. Nikifua soksi najua nafua mbele ya mali yangu.

Nimesoma gazetini kwamba mkataba wa Amos Tillery unakwisha mwezi Machi, na kwamba hamjaamua kama mtamwongezea mwaka mmoja au mtamwacha aende zake. Mtu kama wewe, uliyetujia kutoka California na viatu vya kitambaa, unaweza kuhitaji ushauri. Kwa misimu minne mimi ndiye niliyemtazama mchezaji huyo kuliko binadamu yeyote aliye hai, wakiwemo makocha wake. Sikumtazama kwa kupenda. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mgongo

Watu wasiojua hudhani kukaa safu ya kwanza ni heshima. Safu ya kwanza iko chini, sawasawa na uwanja. Mbele yake kuna ukingo wa chuma, mbele ya ukingo kuna benchi la timu yetu, na mbele ya benchi, tangu aliposajiliwa, kuna Tillery. Hasimami kushoto wala kulia. Anasimama mbele ya kiti namba 11, kana kwamba kuna alama imepigwa chini.

Kazi yake unaijua, lakini naieleza ili na katibu wako asiyependa mpira aelewe. Katika mchezo wetu huu wa helmeti, watu watano wakubwa hujipanga mbele ya mrusha mpira ili maadui wasimfikie. Hao ndio ukuta. Tillery ni tofali la akiba. Mmoja wa watano akiumia, yeye anaingia, wasipoumia, anasimama. Kwa bahati mbaya tulikuwa na ukuta wenye afya njema. Basi mtu wa kilo mia moja na arobaini na tano akawa anasimama kati yangu na mali yangu, Jumapili baada ya Jumapili.

Mechi yake ya kwanza kabisa nilimwita nikamwambia wazi, "We kijana, unanizibia!"

Akageuka. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasema, "Ndiyo, Mama." Kisha akaugeukia uwanja na kubaki palepale. Mimi nimesomeshwa na masista, na jeuri iliyovaa adabu naitambua nikiiona.

Mhudumu wa jukwaa alinishauri nihamie safu ya ishirini, kwenye nafasi ya mtu aliyehamia Arizona. Nikamuuliza kama yeye ni mgeni hapa mjini. Kiti cha Port Kessler huandikwa kwenye wosia kabla ya nyumba, kwa sababu nyumba watoto wanaweza kugawana. Baba mkwe wangu alikaa kiti 11 mpaka akazeeka, mama mkwe naye akafuata. Kiti hakibadilishwi. Hubadilishwa mwenye kiti, na hiyo ni kazi ya mazishi.

Kwa hiyo nimejifunza kuusoma mchezo mgongoni mwake. Mabega yakipanda, mpira umerushwa. Yakishuka, umeanguka. Shingo ikizama, refa ametufanyia yake. Na tukipata pointi ananyanyua mikono yote miwili, hapo hata mbingu sizioni. Wajukuu wangu wakiniuliza lile bao la ajabu la mwaka juzi lilikuwaje, nawaambia lilikuwa na mabega mapana na doa la jasho lenye umbo la peasi.

2. Kukataa kukaa

Klabu ilinunua benchi linalopashwa joto kwa hewa ya moto kutoka chini. Nililiona katika taarifa ya mwaka ya wenye hisa, tena kwa picha ya rangi. Mchezaji wa akiba analipwa kukaa juu ya benchi hilo. Tillery hakai.

Nilimuuliza sababu, mwajiri kwa mwajiriwa. "Mama, nikikaa magoti yanalala," akajibu. "Nikiitwa yamelala, itakuwaje?"

"Na nani atakayekuita, mwanangu?"

"Bado hakuna, Mama."

Hebu fikiria mtu wa namna hiyo. Gazeti linasema analipwa kile kiwango cha chini kabisa ambacho ligi inaruhusu kumlipa mtu wa miaka yake, ambacho bado kinauzidi mtaa wangu mzima ukijumlisha na mbwa. Harlan Jorgensen, jirani yangu wa kiti namba 10, anauita mshahara huo wizi, na Harlan aliuza bima maisha yake yote, kwa hiyo wizi anaujua. Ikiwa mtu analipwa akae naye anasimama, huo mkataba ameuvunja mwenyewe.

Wala asisingizie baridi. Baridi ya Port Kessler ni ya wote. Mimi kikongwe nimekaa hapo majira manne ya baridi bila kupiga hata chafya, kwa sababu ya koti la sufu aliloninunulia Norbert. Ubora wa koti hilo nitaueleza siku nyingine.

3. Kuingilia mambo binafsi ya mmiliki

Kiti namba 12, mkono wangu wa kulia, ni cha Norbert. Norbert alifariki Oktoba mwaka juzi, lakini tiketi ya kiti chake nimeendelea kuilipia, na hilo ni shauri langu. Harlan akaanza kuweka pale kisanduku chake cha bia.

"Si hakina mtu, Bernie?" akaniuliza.

Nikamwambia kina mtu, ila hajafika. Kumbe ule mgongo una masikio. Tillery akageuka. "Mwenyewe yuko wapi, Mama?"

Nikajibu amekwenda kununua soseji. Lilikuwa ndilo jibu la karibu. Mechi iliyofuata akauliza tena, "Bado yuko kwenye foleni?"

"Foleni ya leo ni ndefu," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Foleni za soseji za huku huwa ndefu kweli, Mama," akasema, na hakuuliza tena.

Sasa sikia alichofanya. Tangu siku hiyo, kabla ya kila mechi, hulivua lile koti kubwa ambalo klabu huwapa wachezaji wajifunike pembeni ya uwanja, akalipitisha juu ya ukingo na kulitandaza juu ya kiti namba 12. Kisanduku cha Harlan kimebaki sakafuni. Yeye mwenyewe anasimama mikono wazi kwenye theluji, mtu wa Alabama, ambaye kabla ya kuja huku theluji alikuwa akiiona kwenye kadi za Krismasi. Koti hilo ni mali ya klabu, yaani mali yangu, nalo lilishonwa limfunike mchezaji. Nimeisoma taarifa ya mwaka mwanzo hadi mwisho, na hakuna kifungu kinachoruhusu kukifunika kiti cha marehemu kwa mali ya klabu. Naomba jambo hili lichunguzwe bila kunihusisha, kwa kuwa sipendi kulizungumzia.

4. Utendaji kazi uwanjani

Novemba, Brock Lindahl, mmoja wa wale watano, akavunjika mguu. Wakamwita Tillery. Akavaa helmeti akaenda, na kwa mara ya kwanza baada ya misimu minne nikauona uwanja. Ni mkubwa. Una kijani zaidi ya nilivyokumbuka.

Lakini sikujua pa kutazama! Macho yangu yalishazoea namba 67, yakamfuata hukohuko. Watu wote wanautazama mpira, mimi namtazama mtu ambaye mpira hajaugusa tangu azaliwe. Harlan ananishika bega, "Umeona? Umeona ule mkimbio?" na mimi sikuona kitu. Ulemavu huu nimeupata katika mali ya klabu na sijalipwa fidia. Zaidi ya hayo, wiki ileile nilishikwa na kikohozi ambacho mpaka leo hakijaniacha. Daktari ana maoni yake, mimi naamini ni mshtuko.

Utendaji wenyewe ulikuwa wa kusikitisha. Mechi zote alizocheza, mtangazaji hakumtaja hata mara moja. Colby Renner, mrusha mpira wetu, kijana wa juzijuzi mwenye shingo ya bata, alikuwa akitoka uwanjani na jezi nyeupe kama ilivyotoka kabatini. Mimi ni mfuaji wa siku nyingi. Jezi isiyo na tope ni ushahidi kwamba pale mbele yake hakukuwa na lolote linalotendeka. Harlan naye aliliona.

"Huyu sitini na saba anafanya nini kule?" akauliza.

"Anazuia," nikamwambia.

"Anazuia nini? Mbona hakuna anayekuja!"

Kuna pia lile jitu la timu ya Toledo, ambalo picha yake ilibandikwa mji mzima wiki nzima. Watu waliendesha magari kutoka mbali kuja kuliona likivunja watu mbavu. Halikuonekana. Kila nikitazama, liko chini ya Tillery, au limeketi kwenye theluji linamlalamikia refa. Watoto walikuwa wamelichora kwenye mabango. Mchezaji wa akiba ana haki gani ya kuwanyima watu burudani waliyoilipia?

Mchambuzi wa redio alimpa alama sitini na moja kwa mia. Nilipiga simu studioni kumuuliza alama hizo anazitoa wapi, akasema kuna mashine inayozitoa. Nikamuuliza kama mashine hiyo ina kiti safu ya kwanza. Akaweka tangazo la jibini.

5. Kushika

Sasa tuje kwenye lenyewe, lile lililouudhi mji.

Mechi ya mwisho, dhidi ya Wachimba Chuma wa Duluth. Anayeshinda anaingia kwenye mtoano, anayeshindwa anakwenda kuvua samaki kwenye barafu. Tuko nyuma kwa pointi nne na saa inakwisha. Renner akarusha, mpira ukadakwa ng'ambo ya mstari, pointi sita. Fataki zikalipuka. Harlan akanibusu shavuni, jambo ambalo nitaliandikia barua yake. Kisha tukakiona kile kitambaa cha njano cha kutangaza kosa kimelala kwenye theluji. Refa akawasha kipaza sauti chake.

"Kushika. Upande wa wenye mpira. Namba sitini na saba."

Kumshika mpinzani jezi ni kosa, basi pointi zikafutwa na msimu ukaishia hapo. Miaka yote ile Tillery hakuwahi kutajwa uwanjani, na siku ya kutajwa ndiyo ikawa hiyo.

Alipokuwa anarudi pembeni, mji ukampokea. Ilirushwa mipira ya theluji, ikarushwa soseji iliyoliwa nusu, ikarushwa na bia ya Harlan, ambayo haikumfikia kwa kuwa mimi nipo katikati. "Rudi kwenu Alabama!" Harlan alikuwa anapiga kelele mpaka meno ya bandia yakacheza. "Mikono itie mfukoni, we gunia!" Tillery alikuja mpaka mahali pake, akageuka, akanipa mgongo kama kawaida. Koti kwenye kiti 12 lilikuwa limelowa bia.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa ukumbini Mtakatifu Kazimiri kwa samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Karatasi ya kutaka aachwe ikawa inapita meza kwa meza pamoja na kachumbari ya kabichi. Harlan aliiandika kwa herufi kubwa. Padre alitia sahihi, akaongeza kwa mkono wake kwamba yeye amekwisha msamehe, ila aende.

"Tia na wewe, Bernie," Harlan akaniambia. "Si wewe ndiye uliyeteseka naye kuliko sisi sote?"

Nikatia. Vidole vilikuwa na mafuta ya samaki, ndiyo maana sahihi yangu imesambaa.

Lakini karatasi ile inasema kwamba Tillery alifanya uzembe, na hapo ndipo ninapoachana na wenzangu na kuandika peke yangu. Ule haukuwa uzembe. Ungekuwa uzembe ningenyamaza, maana hata mimi nimewahi kuunguza maandazi ya parokia. Alikusudia.

Uwanja mzima ulikuwa unautazama mpira. Mimi, kwa ule ulemavu nilioueleza, nilikuwa namtazama yeye. Yule aliyepangiwa kumzuia, Tillery alikuwa amekwisha kumlaza chali. Kazi yake ilikuwa imekwisha, angeweza kusimama zake. Ndipo mkabaji mwingine wa Duluth akapenya kwa upande wa mwenzake, mbio, kichwa kimeinamishwa mbele kama cha beberu. Renner amempa mgongo, ndiyo kwanza anainua mkono kurusha, mbavu ziko wazi, hajui lolote. Tillery akamwona yule mtu. Akanyoosha mkono, akamkamata ukosi wa jezi kwa nyuma, akamng'ang'ania mpaka miguu ya mwenyewe ikatangulia mbele. Halafu, na hili naapa juu ya hisa yangu, akamtazama refa kabla refa hajakichomoa kitambaa. Alikuwa anakingoja. Wengine walipokuwa wanarukaruka, yeye alimwendea Renner, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akamwachia.

Waandishi wa habari wakamzunguka. "Kosa ni langu," akasema, na hakuongeza neno. Renner alisema redioni kwamba hata yeye ameumizwa sana na kosa lile. Alilisema akiwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe.

Sasa upime uzito wa jambo hili, Ndugu Meneja. Mwajiriwa amesimama katikati ya mali yetu, amepewa pointi zetu mkono mmoja na uti wa mgongo wa mtoto wa watu mkono wa pili, naye akachagua peke yake. Hakuwauliza wamiliki. Sisi tupo, tuna hisa, tungepiga kura. Nimekaa na wamiliki wenzangu miaka mingi, nimekula nao samaki, nimezika nao, na matokeo ya kura hiyo nayajua kabla haijahesabiwa. Wangechagua pointi, na Jumanne wangempelekea kijana maua hospitali. Mimi mwenyewe nilitia sahihi, kwa hiyo usidhani najitoa.

6. Maombi

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima mkataba wa Tillery usiongezwe, na yafuatayo yatekelezwe. Mchezaji wa akiba atakayechukua nafasi yake awe mfupi, asizidi futi tano, na ikiwa ligi haina ukuta wa urefu huo, achimbiwe shimo. Ikiwa udongo umeganda na shimo halichimbiki, basi benchi zima lihamishiwe upande wa magharibi, likawazibie wale wakubwa wa kwenye vyumba vya vioo, ambao hata hivyo hutazama runinga. Mwisho, wachezaji wote wafundishwe kuutazama mpira tu, kama sisi tunavyoutazama, ili yasiwepo mambo mengine wanayoyaona. Tukifanya hivyo tutashinda kila mechi, na wa kuwaokota walioanguka tutaajiri baadaye kwa mkataba tofauti.

Nisalimie kocha na wote wa benchi la ufundi. Usalimie mguu wa Lindahl, dada wa kibanda cha soseji lango la tatu, vijana wanaozoa theluji jukwaani, na mkeo, ambaye nasikia bado hajapata buti za maana. Mwambie aje, ninazo za ziada. Wasalimie pia wamiliki wenzangu wote, ukikutana nao, nao hawakosekani, kila mtaa wamejaa.

Wako katika umiliki,

Bernadine Wolske (Bibi),
Mwenye hisa moja.

Tanbihi (soma huku nyuma ya bahasha kabla hujaifungua)

Ndugu Meneja, bahasha nilishaigundisha na stempu haibanduki, kwa hiyo nimeandika hapa.

Tillery amekuja asubuhi hii kuniaga. Alisimama mlangoni akauziba wote, mkononi ana lile koti kubwa, amelifua. Nikataka kumkaribisha, kikohozi kikanikamata. Akangoja nimalize.

"Mama, ulianza kukohoa lini?"

"Ulipoanza kucheza."

Akainamisha kichwa. "Basi ni ule upepo wa ziwani," akasema. "Ulikuwa unanipiga mimi. Mechi ile ya kwanza nilikukuta unatetemeka, midomo imekuwa bluu, nikahama kule mwisho wa benchi nikaja kusimama hapo. Ukaniambia nakuzibia. Nikakwambia ndiyo."

Misimu minne, na mimi nadhani ni koti la Norbert.

Yote ya ndani yafute. Usiifungue kabisa ukiweza. Kwenye karatasi ya Harlan, sahihi yangu ni ile yenye mafuta. Ikate kwa kisu. Tillery mpe mkataba, na humo ndani mwandikieni mahali pa kusimama, ili kocha ajaye asije akamhamisha. Na kuhusu ule ukosi wa jezi, ningekuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, ningeushika kwa mikono miwili na meno.

Nilimuuliza kwa nini mama yake hajawahi kuja kumwona. Akasema mama yake haiwezi baridi. Mwambie amlete msimu ujao, akae kiti namba 12, nitamwekea mto. Foleni ya soseji imekwisha. Baridi asiiogope, Ndugu Meneja, ukiweka sahihi yako tu. Pale hapana upepo.

B.W.